Rangi Aliyoiona Fundi Cherehani

Kabla jua halijafika utosini Jumamosi ile, mtu asiye na kosa alikuwa amelala kwenye vumbi la Masasi, damu inamtoka sikioni. Waliompiga walikuwa wengi, hata hesabu yao haikujulikana. Aliyewaonyesha nani wa kupiga alikuwa mmoja tu, Faidha.

Na siku yenyewe ilianza vizuri. Alfajiri Faidha alimwogesha bintiye Shamila, mtoto wa miaka miwili, akampaka mafuta ya nazi mpaka magoti yakang'aa, akamfunga mgongoni kwa kanga ya mbeleko. Akakifunika cherehani chake kwa shuka, akakiambia kama mtu anavyomwambia mwenzake, "Leo pumzika, mwenyewe nakwenda chuo kikuu." Miaka mitano alikuwa akishona mchana na kusoma jioni, kidato kimoja baada ya kingine, mpaka barua ya kukubaliwa ikafika. Wanawake wa barazani walimcheka wakati ule. Mama Shamila, eti unasomea nini? Sayansi ya utambuzi. Ndiyo ugonjwa gani huo?

Tawi la chuo lilikuwa limepanga ghala la zamani la korosho nyuma ya soko. Harufu ya magunia ilikuwa haijatoka ukutani. Wanafunzi wapya walikuwa thelathini na mmoja, wengi wao watu wazima wenye kazi zao. Mbele alisimama mwanamke mfupi, kichwa chenye mvi chache, mkoba mkubwa mwekundu umewekwa juu ya meza. Huyo ndiye Dokta Cecilia, mzaliwa wa Lupaso, ambaye maisha yake ya kufundisha yote yalikuwa Dar es Salaam na ndio kwanza amerudi nyumbani.

"Shikamoo, Mwalimu," Faidha alisema, akifungua mbeleko.

"Marahaba. Na huyo naye ameandikishwa?"

"Huyu amenisindikiza tu."

"Hakuna kusindikiza hapa. Naye atafanya mtihani."

Darasa likacheka. Shamila akakalishwa kwenye mkeka miguuni pa mama yake, akapewa karanga za kuchezea.

"Mama," Dokta Cecilia aliendelea, hakumwacha, "mtoto huyu akilia usiku, kabla hujawasha taa unajua analilia nini. Njaa, mkojo au ndoto. Si kweli?"

"Kweli, Mwalimu."

"Unajuaje?"

Faidha akafikiri. "Najua tu."

"Andikeni hiyo!" Dokta Cecilia akapiga meza kwa kiganja. "Najua tu. Miaka mitatu mtakayokaa na mimi tutalichimba neno hilo kama mtu anavyochimba muhogo, taratibu, usikatike. Akili inajuaje? Inaonaje, inakumbukaje, inaamuaje kabla mwenyewe hujaarifiwa? Kuna watakaoifuata kwenye lugha, kuna watakaoifuata kwenye ubongo wenyewe, nyama kabisa. Wengine kwenye kompyuta. Na wengine watakaa chini kama huyu mama wamtazame mtoto anavyojifunza neno 'maji'. Njia nyingi, kisima kimoja."

Akawataka kila mmoja aseme kilichomleta. Mwalimu Ambrosi, mtu mnene mwenye sauti ya upole, anayefundisha darasa la pili, alisema ana watoto tisini chumba kimoja na anataka kujua kwa nini anachowapa Jumatatu Jumanne hakipo.

"Labda hukuwapa," akasema mtu wa nyuma. Wakacheka tena.

Zamu ilipofika kwa Faidha, aliangalia mikono yake. "Mimi kwetu Mkunya, kule Newala. Nilipokuwa na miaka tisa walimuua mtu kijijini. Walisema ameiba korosho. Walimpiga mawe mpaka akafa." Akageuza viganja juu. "Mimi nakumbuka jiwe mkononi mwangu. Lilikuwa na joto la jua. Upande mmoja lilikuwa na ncha. Lakini mama anaapa kwamba siku hiyo sikuwepo, nilikuwa Newala mjini kwa mama mkubwa, na wakubwa wote wanasema hivyo hivyo. Basi nataka kujua, Mwalimu. Akili inaweza kumtia mtu jiwe mkononi?"

Dokta Cecilia aliutupia jicho mlango. "Umekuja mahali penyewe," alisema polepole. "Tena leo hii utaona."

Mchezo aliokusudia aliwahi kuufanya mara nyingi huko alikotoka. Anapanga na mtu, mtu anaingia ghafla, ananyakua mkoba, anatoka mbio. Wanafunzi wanapiga kelele, halafu wanaambiwa tulieni, ulikuwa mchezo, shikeni kalamu, andikeni mmeona nini: alivaa nini, mrefu au mfupi, ametokea mlango gani. Wanasoma majibu yao, wanakuta kila mmoja ameona mwizi wake. Wanacheka. Somo la kwanza limewaingia bila kuandikwa ubaoni. Huko alikotoka, wanafunzi walicheka kila mara.

Alichosahau, naye ni mtoto wa Lupaso, ni kwamba Masasi ulikuwa msimu wa korosho. Wiki ile ile wezi walikuwa wamevunja ghala la upande wa pili wa soko, wakapasua magunia na kumkata mlinzi panga la bega. Watu walikuwa wanalala na hasira, wanaamka nayo. Neno moja tu lilikuwa halitajwi ovyo hata kwa utani.

Mlango ukasukumwa. Mtu akaingia kama upepo, akaurukia mkoba wa Dokta, meza ikapinduka, chaki zikatawanyika. Shamila akapiga ukelele. Mtu yule akapita ubavuni mwa Faidha kabisa, upepo wake ukamgusa shavuni, akatokea mlango wa nyuma.

"Mwizi!"

Sauti ilikuwa ya Faidha. Mwenyewe hakujua kwamba ni yake mpaka ilipokwisha kutoka.

"Tulieni! Kaeni chini, ni mcheeezo!" Dokta Cecilia alipaza sauti, lakini mabenchi yalikuwa yameshaanguka, na hakuna anayesikia neno la pili akishasikia lile la kwanza. Wanafunzi wakamwagika nje. Faidha akamsukumia Shamila mikononi mwa Esther, jirani yake wa benchi, naye akatoka, mbeleko imo mkononi.

Nje palikuwa na kijiwe cha bodaboda. Waendesha pikipiki walikuwa wameshasimama. Mkubwa wao, Fortunatus, Mmakua wa hapo hapo mjini aliyezoeleka kwa jina la Baba Rose, alimjua Faidha vizuri. Ndiye aliyewashonea viti vyao vya pikipiki vyote.

"Mama Shamila! Amekwenda wapi? Kavaa nini?"

"Shati jekundu!"

"Una hakika?"

"Baba Rose, mimi fundi! Naweza kukosea rangi? Jekundu!"

Akanyoosha mkono kuelekea uchochoro wa soko. Hilo ndilo lililomwumiza baadaye kuliko yote, huo mkono. Hakuna aliyemlazimisha kuunyoosha.

Chini ya uchochoro, kwenye duka la vipuri, mtu aliyeitwa Salmini alikuwa ametoka kununua spoki na minyororo ya baiskeli. Alikuwa fundi baiskeli wa Chiungutwa, amekuja mjini asubuhi, atarudi mchana. Shati lake lilikuwa jekundu. Mkononi alikuwa na mfuko. Akasikia mngurumo wa pikipiki, akageuka, akaona watu hamsini wanamjia mbio, mawe mikononi. Akafanya ambalo hata wewe ungelifanya. Akakimbia.

"Huyo! Anakimbia huyo!"

Pikipiki ya kwanza ilimpiga kwa gurudumu la mbele nyuma ya magoti. Akaanguka kifudifudi, meno mawili yakabaki kwenye changarawe. Aliponyanyua kichwa aulize, mtu alimshushia kofia ngumu ya pikipiki utosini, ikatoa mlio wa nazi kuvunjwa. Minyororo aliyoinunua ikatolewa mfukoni mwake, ikageuka mijeledi. Walimpiga nayo mgongoni mpaka shati likachanika na usijue kipi ni kitambaa kipi ni damu. Alikinga uso kwa mkono, mkono ukapigwa ubao, ukavunjika juu ya kiwiko, kila mtu akasikia. Hakuna aliyemwuliza jina. Mwanamke mmoja muuza nyanya, ambaye hakuibiwa chochote siku hiyo wala siku yoyote, alipenya kati ya miguu ya wanaume, akamkanyaga vidole kwa kisigino, akarudi kwenye nyanya zake.

Faidha alipofika alikuta mgongo juu ya mgongo. Akapenya. Wa kwanza aliyemtambua alikuwa Mwalimu Ambrosi. Mguu wa benchi ulikuwa mikononi mwake, ametoka nao darasani. Aliunyanyua, akaushusha. Akaunyanyua, akaushusha. Uso wake haukuwa na hasira hata kidogo, ulikuwa uso wa mtu anayetwanga. Pigo la tatu lilitua kwenye jicho.

Hapo ndipo Faidha alipoliona lile shati.

Jicho la fundi lilirudi mahali pake, limechelewa. Shati hili lilikuwa na kiraka mgongoni, kimeshonwa kwa mkono, uzi mweusi, mishono mikubwa ya mke anayependa lakini hajui kushona. Yule aliyempita darasani hakuwa na kiraka. Nguo yake ilikuwa imemgusa shavuni, laini, ya dukani, mpya. Na mikono ya huyu imejaa grisi ya siku nyingi mpaka kwenye kucha, na mikono hiyo ingeacha alama mezani palipokuwa na mkoba. Halafu rangi. Akafumba macho, akamwona tena mwizi anampita, na alichokiona kinawaka mbele yake kilikuwa mkoba. Mkoba ndio mwekundu. Akili yake ilikuwa imeichukua rangi ya mkoba ikamvika mtu.

"Siye!" alipiga kelele. "Jamani, siye huyu! Nimekosea!"

Sauti ile ile iliyotosha kuwasha, kuzima haikutosha. Mtu alimsukuma. "Toka, mama, utaumia." Alimshika Ambrosi mkono, Ambrosi akamtazama kama hamjui, akamkung'uta, akamwangusha. Alipoinuka akasikia harufu. Fortunatus amechomoa mpira wa petroli kwenye pikipiki yake, anajaza chupa ya maji.

"Leteni tairi," Fortunatus akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anayeagiza chai.

Faidha akaona kwamba maneno yote ya haki yamekwisha. Ukisema hana kosa, wewe mwenzake. Ukisema polisi wanakuja, wataharakisha. Watu hawa walikuwa wameingia mahali ambapo akili ina mlango mmoja tu, na mlango huo yeye hakuujua. Kisha akakumbuka mazishi.

Mtu wa kusini haambiwi jambo hili. Wamakonde, Wamakua na Wayao ni watani. Mnaweza kuwa mnalia, kaburi limeshachimbwa, maiti analetwa, na mtani akashuka kaburini akalala humo chali. Atakwambia maiti huyu hazikwi mpaka nipewe changu. Na hakuna wa kumtoa kwa nguvu, hata angekuwa nani. Ukimpiga mtani msibani umejipiga mwenyewe. Mnamsihi, mnamtukana, anawatukana zaidi, mnacheka machozi hayajakauka, mnampa chake, ndipo anatoka.

Faidha akaitandaza mbeleko ya Shamila juu ya yule mtu, ambaye mateke yalikuwa yamemgeuza chali. Akajilaza juu yake, mgongo wake ukiwa kifuani pa yule mtu, uso wake mwenyewe juani, mikono kaitanua.

"Maiti wangu huyu!" akapaza sauti. "Mmakonde wa Mkunya nimefika! Nani kawaruhusu Wamakua kuchoma maiti na mtani hajapewa chake?"

Mguu wa benchi ulisimama hewani.

"Mama Shamila, toka hapo." Fortunatus alikuwa juu yake na chupa. Petroli ilimdondokea shingoni, baridi kali. "Sitaki mchezo."

"Na mimi sichezi! Mlipomzika bibi yako mwaka juzi sikulala kaburini mimi? Sikutolewa mpaka nimepewa kuku? Leo mnanidhulumu?" Akapiga kiganja ardhini. "Namtaka jogoo! Jogoo mwekundu, miguu ya njano! Na mkeka mpya, huu wa vumbi siutaki. Bila hivyo choma na mimi, halafu ukawaeleze Newala nzima kwamba Wamakua wamemla mtani wao!"

Chini yake kifua cha yule mtu kilipanda kidogo. Kikashuka. Akakisubiri kipande tena.

Watu walipepesa macho kama walioamshwa hawajui wako wapi. Kisha sauti ya mzee fulani ikatoka nyuma:

"Hawa Wamakonde ni balaa. Hata maiti wa mwizi wanamtaka."

"Mpeni panya, aondoke!"

"Panya mle wenyewe!" Faidha akajibu papo hapo. "Mmakua akinusa panya wa kuchoma, husahau hata mkwewe!"

Mtu akacheka. Kicheko kibaya, cha pua, lakini kikamwambukiza wa pili. Faidha alihisi, kwa mgongo wake, kwa ngozi yake, lile lidude lenye miguu mia lililokuwa linamzunguka likivunjika vipandevipande, kila kipande kikawa mtu mwenye jina. Huyu muuza soda. Yule mume wa fulani. Mwalimu Ambrosi akautazama mguu wa benchi mkononi mwake, akautupa kama umemwunguza.

Fortunatus peke yake hakucheka. Aliinama karibu naye, chupa ingali mkononi.

"Una hakika siye?" alimwuliza kwa chini.

"Nilikuwa na hakika mwanzo, Baba Rose. Hakika ndiyo iliyomlaza hapa."

Ndipo Dokta Cecilia alipofika, pekupeku, kitambaa cha kichwa kimeanguka, anamvuta mtu kwa mkono. Alikuwa Mujibu, fundi wa kompyuta wa tawi, analia wazi wazi, mkoba mwekundu ameukumbatia. Shati lake lilikuwa la kijani.

"Ni mimi," Mujibu alisema. "Nilikuwa stoo. Nimejificha stoo, ndivyo tulivyopanga. Ni mimi."

Wengine walikwisha kuanza kuondoka, haraka, bila kuangalia nyuma, kama watu wanaokumbuka ghafla kwamba wameacha sufuria motoni.

*

Siku ya nne Faidha alikwenda hospitali, Shamila mgongoni kwa kanga nyingine. Ile mbeleko haikufulika.

Salmini alikuwa hai. Jicho la kushoto halikuwepo tena. Mkono ulikuwa kwenye plasta, taya limefungwa. Mkewe Sijaona alikuwa ameketi kwenye benchi la veranda nje ya wodi, na alipoambiwa huyu ndiye, alisimama akapiga kigelegele kifupi, cha machozi.

"Mtani! Ndiwe uliyemlalia mume wangu?" Akamkumbatia, yeye na mtoto wake. "Ngoja. Ngoja, haki yako ipo. Nimetoka nayo Chiungutwa kwa bodaboda, imeninyea njia nzima."

Akainama chini ya benchi, akainuka na jogoo. Alikuwa mwekundu, miguu ya njano.

Faidha alimtazama yule kuku. Masasi nzima ilikuwa ikimwita shujaa kwa siku tatu. Wale waliopiga walikuwa mbele katika kumsifu. Kuhusu nani alipiga kelele, nani alinyoosha mkono, hakuna aliyekumbuka. Dokta Cecilia alikuwa amewataka wanafunzi wote waandike walichokiona, na watu kumi na tisa, waliokuwa ndani ya chumba kile mchana kweupe, waliandika kwamba mtu aliyenyakua mkoba alivaa shati jekundu. Hawakusema uongo. Walikuwa wamelisikia, ndipo wakaliona. Angenyamaza, hakuna ambaye angemjua. Baada ya mwaka pengine hata yeye asingejijua.

"Dada Sijaona," alisema. "Usinipe. Mimi ndiye niliyesema shati jekundu."

"Umesema nini?"

"Waliniuliza mwizi kavaa nini. Niliwaambia jekundu. Nikawaonyesha upande alikokuwa mumeo. Nilidhani nimeona."

Kofi la kwanza lilimpata kabla hajamaliza. La pili likampasua mdomo. Jogoo akaanguka, akapigapiga mbawa, Shamila akalia mgongoni. Faidha hakukinga uso. Sijaona alinyanyua mkono mara ya tatu, na kutoka ndani, kwenye kitanda cha dirishani, sauti nzito iliyopita kwenye meno yaliyofungwa ikasema:

"Mwache. Kuna mtoto."

Sijaona akashusha mkono, akaketi chini sakafuni, akalia.

Faidha alisogea dirishani. Jicho moja lilikuwa linamtazama.

"Shikamoo, kaka Salmini."

Hakuitikia. Alikusanya maneno kwa shida. "Hao wenzio. Wa chuo. Walionipiga. Wanajua walichofanya?"

"Wanasema waliokupiga ni bodaboda tu. Kila mmoja anasema hakufika."

"Na wao wanaamini?"

"Nadhani wanaamini kweli. Ndiyo tunayosomea."

Kitu kama kicheko kikamtoka, kikamwumiza, akafumba jicho. "Basi nenda kawafundishe. Kwa mdomo huo huo. Halafu rudi uniambie wamejibu nini." Akavuta pumzi. "Kuku atasubiri. Sijaona, mfunge."

*

Wengi walidhani darasa halitaendelea. Dokta Cecilia mwenyewe alikuwa ameandika barua ya kujiuzulu, ameiweka kwenye ule mkoba, lakini Jumamosi ilipofika alikuwa amesimama mbele, amekonda, mvi zimeonekana zaidi. Nafasi tupu zilikuwa saba.

"Leo sina somo," alisema. "Mimi ndiye niliyeleta moto kwenye ghala. Nimekwenda kwa yule bwana, nimekwenda polisi, nimesema hivyo. Anayetaka kuondoka, aondoke kwa heri."

Faidha akasimama. Mdomo ulikuwa bado umevimba. Akawaambia yote: upepo wa yule mtu shavuni, mkoba, mkono wake alivyounyoosha, kiraka cha uzi mweusi. Hakulia. Alisema kama anavyomweleza mteja kwamba kitambaa chake amekikata vibaya, kwa kuwa hiyo ndiyo njia pekee ya kusema aliyoijua. Mwisho akasema, "Mimi nimeanza. Salmini anauliza ninyi mmejibu nini."

Feni ilikuwa inalia darini. Watu waliangalia madaftari, na Faidha aliona wazi, kama anavyoona mshono uliopinda, kila kichwa kikitafuta Jumamosi iliyo nyepesi zaidi ya kukumbuka.

"Mimi nilisimama mbali," akasema mmoja.

"Mimi nilifika yamekwisha."

"Nilikushika mkono, Mwalimu Ambrosi," Faidha alisema. "Ukanikung'uta nikaanguka."

Ambrosi alitikisa kichwa. Alitikisa tena. Jasho lilikuwa limemjaa juu ya mdomo. "Mimi sijawahi kumpiga hata mtoto wa darasa la pili," alisema kwa ile sauti yake ya upole. "Waulizeni." Akatazama viganja vyake. Kiganja cha kulia, chini ya kidole gumba, kilikuwa na jeraha dogo linaloanza kupona, la kibanzi cha mbao. Akaligusa. Hata Shamila kwenye mkeka aliacha karanga zake akamtazama.

"Kulikuwa na mguu wa benchi," Ambrosi akasema. Sauti ilikuwa imebadilika. "Nilihesabu. Mama yangu wee. Nilikuwa nahesabu kila nikipiga, kama nawahesabia watoto."

Akaketi sakafuni, mtu mzima na mwili wake wote. Dokta Cecilia akaenda kukaa karibu naye.

Mchana ule watu wazima wanne walipanda njia ya hospitali: Faidha na mtoto wake, Ambrosi, Esther, na Fortunatus ambaye walimkuta kijiweni, akasikiliza, akaizima pikipiki akaja kwa miguu. Ambrosi alisimama mara mbili kama anayetaka kurudi, na mara zote mbili Faidha alimsubiri.

Njiani aliulizwa na Esther, kwa kunong'ona, kama sasa amejua habari ya lile jiwe la Mkunya, kama lilikuwepo au halikuwepo.

"Sijui," Faidha alisema. "Lakini nikifika Newala sitawauliza tena wakubwa kama nilikuwepo. Nitauliza yule marehemu alikuwa anaitwa nani. Hakuna aliyewahi kunitajia."

Walipofika kwenye veranda, Sijaona alikuwa pale pale. Aliwatazama mmoja mmoja, akamtazama Ambrosi zaidi, mikono yake, akajua. Hakusalimu. Alisogeza miguu yake kidogo tu, kiasi cha mtu kupita.

Jogoo alikuwa bado amefungwa kwenye mguu wa benchi.